Mgeni Huwa Mwenyeji Lini?

Somo la vikundi: kuhamia mahali pageni na kuishi na majirani

Lengo: Mwisho wa somo hili kila kikundi kiweze kutaja mambo yanayomzuia mgeni kuwa jirani, na kichague jambo moja la kurekebisha.

Muda: Saa moja na nusu. Mmoja asome kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe nyuma. Wakati wa maswali, kaeni watano watano.



Sote tunaijua ile methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitaja tukicheka, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mgeni mvivu. Hebu tuitazame tena. Ukimpa mtu jembe unamwambia, "Njoo tulime pamoja." Ndiyo maana tunasema mgeni hawi mwenyeji kwa kuhesabu miaka. Anakuwa mwenyeji siku anapopewa kazi katika mambo ya kijiji, naye akaishika. Kwa hiyo kuzoea mahali ni kazi ya watu wawili: anayefika na anayepokea.

1. Nani kati yetu si mgeni?

Tukianzia Lugari na Likuyani hapa Kakamega, kabla ya uhuru sehemu kubwa ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia 1962 serikali ilianza mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa Wazungu na kuwakalisha Waafrika. Hivyo ndivyo skimu kama Lumakanda, Chekalini na Mautuma zilivyopata watu. Walitoka Maragoli, Kabras, Bukusu, Tiriki na kwingineko, kila mmoja na lugha yake na jinsi yake ya kufanya mambo.

Kuhama hakukuishia hapo. Vihiga, kwa hesabu ya watu ya 2019, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kijana akigawiwa shamba la baba yake anapata kipande kisichotosha hata ng'ombe mmoja. Basi anatafuta ekari mbili Lugari. Wengine walifika kwa uchungu: katika machafuko ya miaka ya kwanza ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya waliofukuzwa Bonde la Ufa walikimbilia huku Magharibi. Wako pia walimu, wauguzi na polisi wanaoletwa na kazi, na mabibi walioolewa mbali na kwao.

Kwa hiyo mtu akisema "sisi wenye mahali hapa", tumuulize kwa upole babu yake alifika mwaka gani.

2. Hadithi ya kuanzisha mazungumzo

Hadithi hii tumeitunga sisi, ila mambo yaliyomo mnayajua.

Mama mmoja na mume wake waliuza kipande chao upande wa Vihiga, wakanunua ekari mbili karibu na Lumakanda. Walihamia na mama mkwe, mzee sana. Juma la kwanza mume alizungushia shamba seng'enge ili mbuzi wasile mahindi. Hakujua kwamba katikati ya shamba palikuwa na njia ya akina mama ya kwenda chemchemi. Kuanzia siku hiyo walizunguka mbali na mitungi kichwani. Hakuna aliyemwambia kitu. Walisemezana wao kwa wao: "Huyu ako na kiburi. Amefunga njia na hata hajatuuliza."

Kulipotokea matanga kwa jirani, yule mama alimtuma mtoto na shilingi hamsini. Yeye mwenyewe hakwenda, maana hakuijua lugha ya pale na aliona haya. Pesa zikaandikwa kwenye daftari, lakini watu wakaangalia nani hakuonekana.

Alipoomba kuingia katika kikundi cha akina mama, aliambiwa katiba inasema mwanachama awe amekaa hapo miaka mitano. Akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Hawa watu hawatutaki."

Mwaka wa pili mama mkwe akafariki. Walipiga hema, wakachemsha chai ya watu mia. Usiku wa kwanza walikuja watu sita. Mmoja wao alikuwa liguru, ambaye huja kwa kila mtu.

Maswali:
a) Mama huyu na mume wake walikosea wapi?
b) Wenyeji walikosea wapi?
c) Ni siku gani hasa jambo hili lingeweza kurekebishwa kwa maneno machache tu? Nani angeyasema?
d) Je, katika kijiji chetu iko nyumba ambayo wangekuja watu sita?

Msikimbilie swali la mwisho. Likiwa gumu, acheni kimya kidogo.

3. Mambo ya kumsaidia anayehamia

Salamu kwanza. Katika jamii zetu za Waluhya neno la salamu linafanana: wengine husema mulembe, Wamaragoli husema mirembe, na maana yake ni amani. Baada ya hapo lugha zinaachana. Mmaragoli na Mbukusu wakiongea kila mtu cha kwao hawaelewani vizuri, na Mjaluo au Mkikuyu ndiye anayepotea kabisa. Kiswahili kitatusaidia sokoni na mkutanoni. Lakini mgeni akijifunza salamu, pole na asante kwa lugha ya pale, watu watamcheka mara mbili tatu, halafu wataanza kumfundisha. Mtu anayekufundisha lugha yake hawezi kukaa mbali nawe.

Kujulisha. Juma la kwanza nenda kwa liguru na kwa naibu wa chifu. Tangu 2013 tuna pia mpango wa Nyumba Kumi. Sema jina lako, ulikotoka, na aliyekuuzia au kukukodishia. Waliokimbia machafuko wakati mwingine huogopa kusema walikotoka, na tunawaelewa. Hata hivyo nyumba isiyojulikana huzushiwa maneno. Ukiogopa, nenda na mtu unayemwamini, kama kiongozi wa jumuiya yako au mwalimu wa watoto.

Njia, maji na mpaka. Kabla ya kufunga ua, tembea shamba lote na majirani wa pande nne. Uliza: Watu hupita wapi? Maji huchotwa wapi? Ng'ombe hunywa wapi? Mti huu ni wa nani? Hapa Kakamega jambo la ardhi lina kumbukumbu chungu. Dhahabu ilipopatikana mwaka wa 1931, wachimbaji wa Kizungu walimiminika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ili iweze kuchukua ardhi ya wenyeji kwa ajili ya madini bila kuwauliza na bila kuwapa ardhi nyingine. Wazee walisimuliwa hayo na baba zao. Ndiyo maana mgeni anayepima na kufunga bila kuuliza huamsha hasira kubwa kuliko anavyodhani.

Karatasi. Ujirani mwema hauondoi haja ya maandishi. Shamba la kilimo likiuzwa, ni lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipoandikiana. Bila idhini hiyo, sheria inasema mapatano ni batili. Hakikisheni mke na watoto wakubwa wa anayeuza wanajua na wamekubali. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kabila huanza na mtoto wa muuzaji ambaye hakuambiwa.

Matanga. Hapa ndipo mgeni hupimwa, na hapa ndipo hupokewa. Usitume pesa peke yake. Nenda. Kama hujui lugha, beba kuni, chota maji, osha sufuria, keti na akina mama wanaolala pale. Kazi ya mikono haihitaji mkalimani. Wala usihukumu haraka unachokiona. Ukifika Shinyalu au Ikolomani ukakuta ngoma za isukuti zinapigwa penye msiba, usiseme watu hawa hawana huzuni. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwenye arusi, kuzaliwa na mazishi pia. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka zisipotee. Kwao, kucheza ni njia ya kumsindikiza mtu.

Tohara. Kwa Wabukusu msimu huwa Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024. Mgeni asiyejua husikia kelele usiku, akafunga mlango kwa hofu. Wenyeji, mwambieni mapema kinachokuja na njia msafara utakayopita. Na hapa tuseme wazi: mila ni ya wenye mila. Kumkamata mtu wa jamii nyingine na kumtahiri kwa nguvu ni kosa la jinai, na visa vya namna hiyo vimewahi kuripotiwa katika eneo hili la Magharibi na majirani zake. Kikundi kinachojua jambo kama hilo linapangwa kikanyamaza, nacho kina hatia.

Nini cha kubaki nacho. Hatusemi mtu atupe vyake. Lugha ya mama iongewe nyumbani, watoto waambiwe walikotoka, mboga zipikwe kama bibi alivyofundisha. Mtu asiyekuwa na kwao hawezi kumheshimu mwenye kwao.

4. Mambo ya wenyeji

Tumetembelea vikundi vingi. Tunaona mlango wa kwanza unaofungwa ni katiba ya kikundi. Hofu yenu tunaielewa: mtu anaweza kuchukua zamu yake ya pesa halafu ahame. Lakini dawa yake si kumweka nje miaka mitano. Fanyeni hivi:

- Mgeni aanze na mambo ya matanga na kazi za mikono: kupalilia kwa zamu, kusafisha chemchemi.
- Baada ya miezi sita aingie katika akiba.
- Mkopo na zamu za pesa zifuate, akidhaminiwa na wanachama wawili.
- Mwanachama mmoja ateuliwe kuwatembelea wanaohamia, amweleze kila mmoja njia, maji, siku za soko na desturi za msiba.
- Mkutano uendeshwe kwa Kiswahili kukiwa na hata mtu mmoja asiyejua lugha ya pale. Mambo ya pesa yasizungumzwe kamwe kwa lugha ambayo mwanachama mmoja haielewi.

Na jambo likikukera, mwambie mwenyewe. Wale akina mama wa chemchemi wangebisha hodi siku ya kwanza, mume yule angeacha nafasi ya mita moja, na mambo yangeisha.

5. Kaburi litakuwa wapi?

Swali hili huogopwa, ila lazima liulizwe mapema. Wengi waliohamia Lugari walirudisha maiti zao walikotoka kwa miaka mingi. Gharama ya gari, jeneza na chakula cha pande mbili imewaacha wajane na madeni. Wengine sasa huzika kwenye shamba jipya, na kaburi la kwanza huwafanya majirani waone kwamba watu hawa wamekuja kukaa. Lakini ukoo ulioachwa nyuma unaweza kukasirika.

Wakenya hawajasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi iliendelea kwa miezi, ukoo ukashinda, akazikwa Mei 1987. Sisi hatuwezi kuwaamulia. Tunawaomba tu mume na mke wazungumze wakiwa wazima, waandike, na wazee wa pande zote mbili waambiwe.

6. Kazi kabla ya mkutano ujao

i) Kila mwanachama atembelee nyumba moja iliyohamia katika miaka mitatu iliyopita. Asiende na hotuba. Aende na salamu, aulize: Ni kitu gani hukukielewa ulipofika hapa?
ii) Katibu asome katiba, aandike kila kipengele kinachomzuia mgeni. Mkijadili, amueni kipi kibaki na kipi kiondoke.
iii) Walio wageni ndani ya kikundi wafundishe jambo moja zuri la kwao, liwe la kilimo, mapishi au akiba.

Tusisahau kwa nini tunafanya haya. Siku siasa ikichafuka, watu wa mbali huja kuuliza nyumba ya mgeni ni ipi. Jirani aliyelima naye, akalala naye matangani, hataionyesha. Ujirani wa namna hiyo hauwezi kuanzishwa siku ile ya vurugu. Unaanza sasa, kwenye chemchemi na kwenye daftari la kikundi.

Tuleteeni majibu ya swali (d), bila kutaja majina ya watu. Tutayajadili katika toleo lijalo.