Kupima Mashimo ya Kahawa Kwenye Mstari wa Kontua

Mkulima wa Mwika, shamba lako liko mtelemkoni. Mvua ya masika ikipiga, maji hutafuta njia, na udongo wa juu ulio mzuri huchukuliwa hadi mtoni. Udongo huo haurudi. Kwa sababu hiyo yafaa mibuni ipandwe kwa kufuata kontua, yaani mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Mbuni hukaa shambani miaka mingi, na shimo lililokosewa leo litamsumbua mwanao.

Kwanza, pata usawa. Tengeneza fremu yenye umbo la A kwa miti miwili ya mita 2 na mmoja wa kukingama. Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu. Simamisha miguu mahali pawili, tia alama uzi unapokata mti wa kukingama. Geuza fremu, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo alama ya usawa. Sasa tembeza fremu kukata mtelemko, na kila uzi unapoangukia alama hiyo, piga kigingi penye mguu.

Pili, gawanya mstari. Hapa ndipo wengi hukosea. Wao huvuta kamba moja kwa moja kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Kamba hiyo hukata kona. Kwenye mgongo wa kilima, mashimo ya katikati yatakuwa juu ya kontua. Kwenye bonde yatakuwa chini yake, na maji yote yatakimbilia hapo.

Fanya hivi: laza kamba ya katani ikipita kila kigingi, ikipinda pale mstari unapopinda. Usiivute kwa nguvu. Kata kamba mwisho wa mstari, kisha inyooshe njiani palipo sawa, uipime.

Tuseme kamba ni mita 42. Nafasi ya zamani ya kahawa ni futi 9, yaani mita 2.74. Ukipima kwa fimbo ya urefu huo tangu mwanzo, baada ya nafasi 15 itabaki mita 0.9, nayo haitoshi mbuni. Afadhali ugawe 42 kwa 15: kila nafasi itakuwa mita 2.8. Tia alama za rangi juu ya kamba kila mita 2.8, ukipima zote kutoka ncha moja. Ukipima kutoka alama hadi alama, kosa la sentimita 5 kila mara litafika sentimita 75 mwisho wa mstari. Kumbuka, nafasi 15 zina mashimo 16, kwa kuwa ncha zote mbili huhesabiwa.

Rudisha kamba kwenye vigingi, piga kijiti penye kila alama, ndipo uchimbe.

Tatu, usinakili mashimo ya mstari wa juu kwa mstari wa chini. Mistari hukaribiana penye mtelemko mkali na kuachana penye mtelemko mdogo, wala urefu wake si mmoja. Kila mstari upimwe peke yake.

Kazi hii ni ya siku chache. Ifanye kabla ya mvua, ili masika ikifika ikute shamba lako tayari.