Uharamia Huishi Nchi Kavu: Somo la Pwani ya Somalia kwa Watu wa Ziwa Edward

Somo la toleo hili lahusu uharamia, yaani unyang'anyi wa majini. Huenda msomaji wa Bwera, Mpondwe au Kasese mjini akauliza: sisi tuishio chini ya milima ya Rwenzori, mbali na bahari, uharamia watuhusu nini? Watuhusu kwa njia mbili. Kwanza, bidhaa nyingi zitufikiazo, kuanzia petroli hadi vipuri vya pikipiki, hushushwa Mombasa baada ya kuvuka Bahari ya Hindi; meli zikitishwa huko, bei hupanda huku. Pili, tunalo ziwa. Katika Ziwa Edward wavuvi wamekuwa wakivamiwa na watu wenye silaha, wakanyang'anywa injini, nyavu na samaki, na wengine wakashikwa mateka mpaka jamaa zao walipotoa pesa. Vitendo hivyo na vile vya baharini ni watoto wa tumbo moja.

Jambo tunalotaka kulionyesha ni hili: uharamia hutendeka majini, lakini huishi nchi kavu. Haramia hali injini wala nyavu. Asipopata mahali pa kuegesha chombo, mtu wa kumkopesha silaha, mnunuzi wa mali, na majirani wa kunyamaza, hana biashara. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Neno na maana yake

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 waeleza uharamia kuwa ni ukatili, utekaji au uporaji unaofanywa kwa manufaa ya watu binafsi, kutoka chombo kimoja dhidi ya kingine, katika bahari kuu isiyo mali ya nchi yoyote. Kwa maana hiyo, uporaji wa ziwani hauitwi uharamia mbele ya mahakama. Upande wa Uganda huitwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na ukifanywa kwa silaha ya kuua, adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Jina hubadilika, lakini mvuvi aliyetupwa majini na mama anayemngojea mwaloni hawaoni tofauti.

Malalamiko yaliyogeuka biashara

Serikali ya Somalia ilianguka mwezi Januari 1991. Pwani ndefu kuliko zote za Afrika bara ikabaki bila mlinzi. Meli za kigeni zikaingia na kuvua bila kibali, zikakata nyavu za wenyeji na kuwamalizia samaki. Malalamiko ya wavuvi wa Kisomali yalikuwa ya kweli, na wengi duniani wameyakubali. Baadhi ya wavuvi walichukua silaha, wakazikamata meli hizo na kuzitoza walichokiita faini. Vikundi kadhaa vilijiita walinzi wa pwani.

Lakini tuangalie yaliyofuata. Mwezi Juni 2005 maharamia waliiteka meli iitwayo Semlow iliyotoka Mombasa, mabaharia wake wengi wakiwa Wakenya. Haikuwa meli ya kuvua samaki. Ilibeba tani 850 za mchele wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, uliokusudiwa Wasomali walioathiriwa na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Meli na watu wake walishikiliwa kwa takribani miezi 3. Hao waliojiita walinzi wa watu wa pwani wakawa wamezuia chakula cha watu hao hao wa pwani.

Mwezi Septemba 2008 wakaiteka Faina, iliyobeba vifaru 33 ikielekea Mombasa. Novemba wakaiteka Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudia iliyobeba mapipa yapatayo milioni 2. Hapo hakuna aliyezungumzia samaki tena. Bei ya mateka ndiyo iliyozungumzwa. Hivi ndivyo dhuluma ya kweli inavyogeuzwa vazi la biashara: mwenye malalamiko huanza, mwenye mtaji humaliza.

Nani alikula faida

Mwaka 2013 Benki ya Dunia, pamoja na Interpol na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, ilitoa uchunguzi kuhusu njia za pesa za maharamia. Kati ya mwaka 2005 na 2012, meli 179 zilitekwa katika maji ya Somalia na Pembe ya Afrika, na pesa zilizolipwa kuzikomboa zilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Wafadhili, yaani watu waliotoa mtaji wa mashua, petroli na silaha bila kulowa maji, walichukua kati ya asilimia 30 na 50. Kijana aliyepanda ngazi ya meli chini ya risasi alipewa kati ya dola 30,000 na 75,000, fungu dogo sana la mamilioni yaliyolipwa. Humo pia alikatwa madeni ya chakula na mirungi aliyokopeshwa mashuani kwa bei ya juu kuliko ya sokoni.

Kwa kijana maskini, kiasi hicho chaonekana kikubwa. Lakini wengi hawakukipata. Wengine walikufa maji, wengine waliuawa na wanamaji, na wengine walijikuta katika magereza ya ugenini, kwani tangu mwaka 2006 mahakama ya Mombasa ilianza kuwahukumu maharamia wa Kisomali, na baadaye Seychelles nayo ikafanya hivyo. Wafadhili waliofikishwa mahakamani ni wachache mno.

Na hasara? Benki ya Dunia ilikadiria kuwa uharamia huo uliugharimu uchumi wa dunia dola bilioni 18 kwa mwaka, kwa sababu ya bima, ulinzi, na meli kuzunguka njia ndefu. Gharama hiyo haikubaki kwa matajiri wenye meli. Iliongezwa katika bei ya bidhaa, ikapanda malori ya Mombasa pamoja na mzigo, ikalipwa na mnunuzi wa mwisho.

Hesabu ya injini moja

Sasa turudi ziwani kwetu. Ziwa Edward lina eneo la kilomita za mraba 2,300 hivi, na chini ya theluthi moja ndiyo iliyo Uganda. Upande wetu kuna mialo kama Katwe na Kayanja. Upande wa Kongo kuna Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mpaka haukuchorwa juu ya maji. Usiku, upepo wa kutoka nchi kavu hutosha kumvusha mtu asiyetaka kuvuka.

Tupige hesabu ya mfano. Chukulia injini ya boti iliyonunuliwa kwa shilingi 8,000,000. Waporaji wanne wanaichukua na kuiuza kwa siri kwa 2,000,000, maana mali ya wizi haiuzwi kwa bei yake. Mwenye bunduki anachukua nusu, 1,000,000. Anayeisafirisha na kuitafutia mnunuzi anachukua 400,000. Zinabaki 600,000, kila mporaji 150,000. Kwa pesa hizo amehatarisha uhai wake, na akikamatwa aweza kuishia gerezani miaka yake yote.

Upande wa pili, mwenye boti amepoteza 8,000,000. Wavuvi wake hawana kazi mpaka injini nyingine ipatikane. Mama aliyekuwa akikausha na kutia chumvi samaki wao hana cha kupeleka soko la Mpondwe. Mkopo wa chama cha akiba haulipwi, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Abaki mnunuzi. Yeye aonekana amefaidi 6,000,000. Lakini kwa kununua, amewathibitishia waporaji kwamba soko lipo. Usiku ujao watakwenda kutafuta injini nyingine, na huenda ikawa yake.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni: "Wao walitudhulumu kwanza." Husemwa pande zote mbili za ziwa. Wakongomani hulalamika kwamba wavuvi wa Uganda huvuka usiku kuvua katika mazalia yao. Wetu hulalamika kwamba hukamatwa wakiwa ndani ya maji ya Uganda. Hatuwezi kuwaficha wasomaji wetu kwamba malalamiko yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini dhuluma humpa mtu haki ya kudai, haimpi haki ya kumpora mtu mwingine asiyehusika. Mvuvi wa Kayanja anayeibiwa leo siye aliyevua Vitshumbi jana. Mwezi Julai 2018 majeshi ya nchi zetu mbili yalifikia kufyatuliana risasi ziwani, na watu wakafa. Oktoba mwaka huo huo serikali zetu zilitia saini mapatano ya kusimamia kwa pamoja uvuvi na maji ya Ziwa Edward na Ziwa Albert. Njia ya madai ipo, hata kama ni ya polepole.

Kisingizio cha pili ni: "Huu si wizi, ni ushuru." Upande wa Kongo, makundi yenye silaha yamekuwa yakiwatoza wavuvi malipo ya mara kwa mara ili wapate kuvua. Ushuru halali una sheria iliyoutunga, una stakabadhi, na una ofisi ambako mtu aweza kwenda kuhoji. Malipo yanayodaiwa kwa mtutu wa bunduki hayana hata kimoja kati ya hivyo. Nasi twasema bila kujitenga: askari yeyote, wa upande wowote, amwachiaye mvuvi kwa pesa za mfukoni amefanya jambo lile lile. Sare haigeuzi unyang'anyi kuwa sheria. Anayedaiwa hivyo na afisa wetu ana haki ya kushtaki, na kumsikiliza ni wajibu wetu.

Kisingizio cha tatu ndicho kilicho karibu nasi zaidi: "Mimi sikuiba, nilinunua tu." Sheria ya Uganda haikubali. Anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, ametenda kosa kubwa ambalo laweza kumfunga hadi miaka 14. Injini ya milioni nane ikiuzwa kwa mbili, gizani, bila stakabadhi, sababu ya kuamini ni bei yenyewe.

Mzigo wa familia

Lipo swali gumu kuliko hayo. Mtu wako ameshikwa mateka, nawe wapigiwa simu: leta pesa kabla ya Ijumaa. Kila kikomboleo kinacholipwa humtia haramia hamu ya kuteka mwingine. Hilo lilionekana wazi Somalia, ambako bei ya mateka ilipanda mwaka hadi mwaka. Lakini hatuwezi kumwambia mzazi amwache mwanawe ili soko la maharamia lidorore. Hatumhukumu auzaye ng'ombe wake kumkomboa mtoto. Tunachomwomba ni kimoja: asilibebe jambo hilo peke yake. Aripoti mara moja, ahifadhi namba za simu zilizompigia, akumbuke aliyetumwa kupokea pesa. Mpokeaji wa pesa yuko nchi kavu, na hapo ndipo anapoweza kukamatwa.

Yatupasa nini

Mwaka 2011 mashambulio ya maharamia wa Kisomali yalifikia 237. Mwaka 2013 yalikuwa 15 tu. Manowari na walinzi wenye silaha melini walisaidia sana. Lakini hata bandarini Eyl, iliyokuwa ngome yao, wazee na viongozi wa dini walianza kuwakataa: hawakutaka pesa zao, ulevi wao, wala bei walizozipandisha sokoni. Nao manowari zilipopungua na macho yalipoelekezwa kwingine, mwishoni mwa 2023 utekaji ulianza tena. Doria peke yake hupunguza uharamia. Kinachouzuia kurudi ni watu wa pwani wenyewe kuukataa.

Sisi polisi na jeshi hatuwezi kuwa juu ya kila wimbi. Ninyi mko katika kila mwalo na kila soko. Kwa hiyo twawasihi:

1. Andika namba ya injini yako, uiweke nyumbani pamoja na stakabadhi, na nakala kwa mwenyekiti wa LC1.
2. Usinunue injini, nyavu au mtumbwi bila stakabadhi, bila muuzaji kujulikana, na bila shahidi.
3. Mwenye boti na awaandike majina wote wanaoingia ziwani, na saa ya kurudi. Asiporudi mtu, toeni taarifa mapema.
4. Msiwafuate waporaji kwa mapanga na mitumbwi yenu. Pigeni simu 999 au 112, au fikeni kituo cha polisi kilicho karibu.
5. Ndugu zetu wa Kasindi na Kyavinyonge ni watu wetu; Bakonzo na Banande ni ukoo mmoja uliokatwa na mto Lhubiriha. Injini iliyopotea Kayanja yaweza kuonekana huko, na ya kwao kuonekana Bwera. Tuwarudishie yao tukitaka waturudishie yetu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

Je, katika mwalo wetu kuna mali inayouzwa kwa bei isiyoeleweka, nasi tumenyamaza? Mvuvi wetu anayevuka kwenda kuvua mazalia ya jirani, twamwambia nini? Familia ikidaiwa pesa za kumkomboa mtu wake, nani kijijini ataandamana nayo hadi kituoni? Nasi tukimjua kijana aliyeanza kushawishiwa kwa ahadi ya pesa za usiku mmoja, nani atakaa naye ampigie hesabu ya zile 150,000?