Kumvika Mtoto Mchanga Nguo za Kulalia

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wanafunzi, nao huenda wakauliza somo hili lawahusu nini. Lawahusu sana. Likizo ya katikati ya mwaka ikifika, dada na kaka wakubwa hukabidhiwa wadogo zao wawalaze, na huku kwetu Njombe miezi ya Juni na Julai ndiyo yenye baridi kali. Basi mtoto huvikwa fulana, sweta mbili, soksi na kofia ya sufu, kisha huviringishwa kanga na kufunikwa blanketi la mama. Baridi ni adui wa mtoto mchanga, sikatai. Lakini joto lililopita kiasi ni adui pia, na huyu hatumwogopi.

Tazama mwili wake. Kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wake wote. Akizidiwa na joto hawezi kuvua kofia wala kusukuma blanketi kama mimi na wewe. Joto hutokea kichwani na usoni. Ukivifunika, umeliziba dirisha. Madaktari wameona kwamba mtoto aliyezidiwa na joto usingizini yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafula, bila ugonjwa wowote kuonekana. Huko Uingereza, mwaka 1991, wazazi walianza kuhimizwa walaze watoto chali, wala wasiwafunike mno, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Kwa hiyo mlaze chali, si kifudifudi wala ubavu, hata akiwa amevaa vizuri namna gani.

Avae nini basi? Jitazame wewe mwenyewe chumbani humo: mtoto avae kama wewe, au azidishiwe nguo moja tu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kule usiku wa Januari nepi na fulana nyepesi ya pamba humtosha. Huku Njombe mwezi wa Julai atahitaji fulana, nguo ya mikono mirefu, suruali yenye soksi, na blanketi jepesi lililochomekwa chini ya godoro lisipite kifua. Kofia ni ya nje. Mtoto aliyezaliwa saa hiyo, au aliyezaliwa kabla ya siku zake, ni shauri jingine: huyo huvikwa kofia na kuwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia iliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978.

Watu wengi hupima joto kwa kushika mikono ya mtoto. Kipimo hicho hudanganya, maana mikono na miguu yake huwa ya baridi hata akiwa hana shida yoyote. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa pakavu na pana joto la kawaida, mwache alale. Pakiwa pamelowa jasho, mpunguzie nguo moja. Pakiwa pa baridi, mwongezee. Na kama kifua hakipati joto, mweke kifuani pa mama na kumpeleka zahanati.

Bibi zetu hupenda kumfunga mtoto kwa kanga huku miguu imenyooshwa, wakisema asije akawa na matege. Nawaheshimu, lakini katika jambo hili siwafuati. Miguu ya mtoto hutaka kukunjwa na kupanuka kama ya chura. Ikibanwa, nyonga huweza kuteguka. Japani iliwafundisha wazazi tangu 1975 waache kuinyoosha, na watoto wenye nyonga mbovu wakapungua mno. Akianza kujaribu kujipindua, usimviringishe tena kabisa.

Pia ondoa shingoni hirizi, shanga na utepe wowote kabla ya kumlaza, maana uzi mmoja ukinasa wamtosha kumkaba. Asiyetaka kuitupa hirizi aitundike ukutani. Pini za nepi, kama bado zatumika nyumbani, zifungwe kwa nyuma ya kidole chako.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama baridi imezidi. Moshi wake usioonekana huua nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, nao hauna harufu ya kumwamsha mtu.