Kamera ya Milioni Moja, au Laki Tatu na Flashi Nzuri?

Kabla ya kuuliza ununue kamera gani, uliza picha zako huishia wapi. Hapa Kamere, ukingo wa kusini wa Ziwa Naivasha, nyingi huishia kwenye WhatsApp. Mfanyakazi wa shamba la maua anapigwa picha mwisho wa mwezi akiwa amevaa vizuri, na kabla hajafika nyumbani mama yake kule Busia au Kisii ameshaiona. WhatsApp yenyewe huikandamiza picha hadi ibaki na megapikseli mbili hivi, usipochagua kutuma kwa ubora wa juu. Zinazobaki huchapwa: albamu ya harusi, fremu ya A4 au A3 ya kutundika sebuleni, mara mojamoja bango la kanisa au la mgombea.

Chukua karatasi upige hesabu. Picha ya kutazamwa kwa karibu huchapwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi. A3 kwa kipimo hicho inahitaji megapikseli 17 na ushee. Kamera ya fulu-fremu ya megapikseli 24, kama Nikon Z5 ya mwaka 2020, inakupa picha ya sentimita 51 kwa 34 bila kuinyoosha. Fujifilm GFX100S II, ya fomati ya kati yenye megapikseli 102, inafika karibu sentimita 99 kwa 74. Bango la barabarani lisikutishe, kwa sababu hakuna anayelitazama akiwa amelibania pua: kwa pikseli 100 kwa inchi, zile 24 zinajaza mita moja na nusu.

Kwa hiyo fomati ya kati inaanza kuwa na kazi pale ambapo picha inazidi nusu mita na mtu atasimama mbele yake kuikagua kope kwa kope. Wateja wa aina hiyo wapo, hata Naivasha: hoteli inayotaka sura za watu kwenye kuta za mapokezi, kampuni ya maua inayotaka mchumaji na waridi lake kwenye ukuta wa maonyesho Ulaya. Jiulize tu wanakuja mara ngapi kwa mwaka.

Sasa bei. GFX100S II ilizinduliwa mwaka 2024 kwa dola 4,999. Lenzi yake ya potreti, GF 110mm f/2, ilitoka kwa dola 2,799. Kwa dola ya shilingi 129 hizo ni takriban milioni moja, kabla ya ushuru na kabla hujanunua betri ya pili. Z5 na lenzi yake ya 85mm f/1.8, kwa bei zao za uzinduzi, ni dola 2,200, yaani chini ya laki tatu. Za mkono wa pili hushuka zaidi pande zote mbili, lakini pengo halizibiki.

Je, laki saba za ziada zinanunua nini hasa? Wengi watakwambia zinanunua ule ukungu mzuri nyuma ya mtu. Hapo mimi nakataa, na hesabu yake ni rahisi. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f upate upana wa tundu la lenzi. Lenzi mbili zinazoona eneo lilelile, zikiwa umbali uleule kutoka kwa mtu, yenye tundu pana zaidi ndiyo inayoyeyusha nyuma zaidi. GF 110mm f/2 ina tundu la milimita 55. Lenzi ya fulu-fremu inayoona karibu sawa na hiyo ni 85mm: ya f/1.8 ina tundu la milimita 47, ya f/1.4 inafika 60, ya f/1.2 inapita 70. Yaani lenzi ya fomati ya kati ya karibu laki nne inakaa katikati ya lenzi ya kawaida ya 85 na ile ya hali ya juu. Kama ni ukungu unautafuta, nunua 85mm f/1.4 uifunge kwenye kamera uliyonayo.

Chanzo cha imani hiyo nakielewa. Enzi za filamu, fomati ya kati ilikuwa kubwa kweli: fremu ya 6x6 ina milimita 56 kwa 56, zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la fulu-fremu, ambayo ni 36 kwa 24. Ndiyo maana mpigapicha Malick Sidibé wa Bamako alikuwa na kamera ya 6x6 kwa kazi za studio, na usiku akaenda kwenye dansi na kamera ndogo ya milimita 35. Lakini sensa ya GFX ya leo, sawa na ya Hasselblad za mfululizo wa X, ni milimita 43.8 kwa 32.9. Eneo lake linaizidi fulu-fremu kwa theluthi mbili tu, ambayo ukiihesabu kwa stopu ni robo tatu hivi. Anayeota picha za babu zake za studio asidhani atazipata kwa kununua sensa hiyo.

Kinachonunuliwa kweli ni nafasi ya kurekebisha. Bwana harusi mwenye ngozi nyeusi tii kando ya gauni jeupe, jua la saa tano, ni mtihani kwa kamera yoyote. Ukilinda gauni, uso unazama. Ukiufuata uso, lesi inaungua. Njia ni ileile kwa kamera zote mbili: linda gauni, piga faili ghafi, kisha upandishe uso kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba fomati ya kati hustahimili kupandishwa huko vizuri kidogo. Kivuli chini ya taya hakichafuki haraka, na rangi ya ngozi kutoka paji la uso hadi shingoni hushuka polepole bila kukatika. Mhariri wa jarida ataliona hilo. Bibi harusi ataona kwamba gauni lake limetoka.

Kuna mahali fulu-fremu inashinda waziwazi, nako ni kwenye flashi mchana. Kamere iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, na jua la saa sita linasimama utosini na kumchimbia kila mtu mashimo machoni. Flashi ndiyo inayofukia mashimo hayo. Ila kila kamera ina kikomo cha kasi ya shata inayoelewana na flashi: GFX ni 1/125, fulu-fremu nyingi ni 1/200 au 1/250. Kwenye jua kali, ISO 100 na 1/125 zinakulazimisha ufunge lenzi hadi f/14 hivi. Lile tundu la f/2 ulilolipia halifunguki. Unaweza kuweka kichujio cheusi mbele ya lenzi, au kutumia flashi ya kasi ya juu ambayo hunyonya nguvu ya betri kwa fujo. Hasselblad za mfululizo wa X zimelitatua kwa kuweka shata ndani ya lenzi, inayokubali flashi hadi 1/2000 na kwa baadhi ya lenzi zaidi, lakini hizo ni ghali zaidi. Anayepiga potreti za nje kwa flashi, jua likiwaka, alipe uzito jambo hili kuliko megapikseli.

Na nani alisema lazima upige juani? Migunga ya ufukweni ina kivuli kipana, ingawa majani yake huchuja jua likaanguka kwa madoadoa, kwa hiyo msogeze mtu hadi uso wote uwe kivulini. Kwa kuwa ziwa liko kaskazini yetu, mteja akiyapa maji mgongo, asubuhi mwanga unatoka kulia kwako na jioni kushoto, na huhitaji flashi wala kifaa zaidi ya ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Jioni usichelewe. Jua la huku huzama wima, mwanga wa dhahabu ni wa dakika chache kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na giza likiingia viboko hupanda nchi kavu kula majani. Hakuna potreti inayostahili kusimama njiani mwa kiboko.

Kasi nayo. Kwa mtu aliyeketi, kamera zote zinatosha. Kwa watoto, kwa ngoma za sherehe ya mahari (ruracio), kwa bibi harusi anayeingia akicheza, fulu-fremu ya miaka ya karibuni hulishika jicho na kugandana nalo. GFX100S II inajitahidi. GFX50S II ya mwaka 2021, inayovutia watu kwa bei yake ya mkono wa pili, inatafuta fokasi taratibu, na kwenye harusi itakuaibisha.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Faili ghafi la megapikseli 102, la biti 16 na bila kukandamizwa, lina takriban megabaiti 200. Picha 300 za siku moja ni gigabaiti 60. Hizo uzihifadhi mara mbili, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itakufanya uchemshe chai kati ya picha na picha. Mwenye fulu-fremu ya 24 anamaliza siku hiyohiyo na gigabaiti nane hivi za faili zilizokandamizwa. Ongeza vumbi letu la majivu ya volkano, laini kama unga, linalokaa kwenye sensa kila ukibadilisha lenzi upepo ukivuma. Fomati ya kati hulionyesha vilevile. Badilishia lenzi ndani ya gari, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Kama bado moyo unavuta, usinunue, kodi. Nairobi ni mwendo wa saa chache kwa matatu, na kuna maduka ya kukodisha kamera kwa siku. Ukiipata, mketishe mtu kwenye kiti ndani ya mlango ulio wazi, uso nje, kamera mbili kwa zamu, ISO 100, lenzi za mwono unaofanana. Piga moja sawasawa, na nyingine ukiwa umepunguza mwanga stopu tatu kwa makusudi. Nyumbani pandisha ile iliyozama na uangalie mahali pawili tu: chini ya taya, na pale nywele zinapokutana na paji la uso.

Kisha chapa, ila usichape mita nzima. Kata kipande cha jicho na shavu kinacholingana na picha ya upana wa mita moja, ukichape kwenye A4: kwa Z5 ni kipande cha upana wa pikseli 1,790 hivi, kwa GFX kama 3,460. Vibandike ukutani bila majina, rudi hatua mbili, uwaite watu wasiojua kamera. Wakikosa kutofautisha kwa umbali huo, laki saba zako zina kazi nyingine: lenzi ya f/1.4, flashi yenye nguvu na mwavuli wake, kompyuta isiyochoka, na kichapishi.

Wakitofautisha, na una mteja mwenye ukuta wa kutosha, endelea kukodi kwa kila kazi ya namna hiyo na uweke gharama kwenye ankara, mteja aione. Siku ada za kukodisha za mwaka zitakapokaribia nusu ya bei ya kamera, hapo nenda dukani. Kila unapochukua ya kukodi, piga picha ya namba ya mwili na ya lenzi mbele ya mwenye duka, kagua sensa kwa kupiga ukuta mweupe kwa f/16, hesabu betri na chaja, na uandikiane nani analipa ikianguka ziwani.