Mwongozo wa Kuandaa Kebo ya USB ya Kuprogramu Redio za Upepo kwenye Linux: kwa Mafundi wa Gehandu na Jirani

Mwongozo huu ni wa mafundi, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya wa Gehandu, upande wa Mbulu na wa Hanang, wanaotunza redio za upepo kwa kompyuta yenye mfumo endeshi huria wa Linux. Mawimbi ya redio hizi hayapiti kilimani, na nchi yetu ni ya vilima na makorongo. Redio yenye chaneli iliyokosewa haisikiki hata mahali ambapo hapana kizuizi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya karibu. Siku ya namna hiyo hakuna nafasi ya kuhangaika na kebo, kwa hiyo kazi hii ifanyike mapema.

1. Kuchagua kebo

Ndani ya kichwa cha kebo mna chipu inayounganisha USB na redio. Chipu zinazopatikana zaidi ni FTDI, CP2102, CH340 na PL2303. Draiva za zote nne zimo tayari ndani ya Linux, hivyo huhitaji sidii wala bando la kuzipakua. Kwenye Windows mambo ni tofauti: mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI ilizifanya chipu bandia zisitambulike tena, na kebo nyingi za bei nafuu zikaacha kufanya kazi.

Hakikisha pia jeki zinalingana na redio. Baofeng UV-5R hutumia jeki mbili za aina ya Kenwood, moja ya milimita 2.5 na nyingine ya milimita 3.5.

2. Kuitambua kebo

Chomeka kebo kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri, kisha andika:

`lsusb`

Tafuta namba ya chipu: 0403:6001 ni FTDI, 10c4:ea60 ni CP2102, 1a86:7523 ni CH340, na 067b:2303 ni PL2303. Kisha andika:

`sudo dmesg | tail`

Ukiona neno `ttyUSB0`, kebo imepokelewa. Jina lake kamili ni `/dev/ttyUSB0`. Ikiwa kuna kifaa kingine cha aina hiyo, namba ya mwisho inaweza kuwa 1 au 2.

3. Kupata ruhusa

Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa kebo mpaka aingizwe kwenye kundi linalohusika. Kwenye Ubuntu na Debian kundi hilo huitwa `dialout`:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Usisahau herufi `a`. Ukiiacha, utaondolewa kwenye makundi yako mengine. Baada ya hapo toka kwenye akaunti yako na uingie upya, kisha uhakikishe kwa amri ya `groups`. Usiizoee njia ya mkato ya kuendesha kwa `sudo` programu nzima ya kuandikia redio (sehemu ya 5). Mafaili yatakayohifadhiwa yatakuwa mali ya msimamizi wa kompyuta, na mwenzako wa zamu atashindwa kuyabadilisha.

4. Kebo inapoonekana kisha ikatoweka

Tatizo hili liliwasumbua wengi kwenye Ubuntu 22.04 wenye kebo za CH340. Programu ya `brltty`, inayowahudumia wasioona wanaotumia vifaa vya Breli, huidhani kebo hiyo kuwa kifaa chake na kuishika. Kama hakuna anayetumia Breli kwenye kompyuta hiyo, iondoe:

`sudo apt remove brltty`

Kama yupo, usiiondoe. Tafuta kebo yenye chipu nyingine.

5. Kuweka programu ya CHIRP

CHIRP ni programu huria ya kusoma na kuandika chaneli za aina nyingi za redio. Ukiwa Katesh, Mbulu mjini au popote penye mtandao mzuri, weka kwanza vinavyohitajika:

`sudo apt install python3-wxgtk4.0 pipx`

Pakua faili la CHIRP lenye mwisho wa `.whl`, kisha andika amri hii ukiweka jina halisi la faili:

`pipx install --system-site-packages ./jina-la-faili.whl`

6. Soma, hifadhi, ndipo uandike

Huu ndio utaratibu usioruhusiwa kurukwa.

- Betri ya redio iwe imejaa. Zima redio, chomeka jeki mpaka mwisho, kisha uiwashe na uongeze sauti. Hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za Linux hutokana na jeki isiyozama sawasawa.
- Chagua «Download from radio», ukitaja `/dev/ttyUSB0` na aina halisi ya redio.
- Hifadhi nakala hiyo kwa jina la redio na tarehe, wala usiibadilishe kamwe. Ndiyo itakayoirudisha redio katika hali yake mambo yakiharibika.
- Fanya mabadiliko kwenye nakala ya pili, kisha uyapeleke kwa «Upload to radio». Usichomoe kitu kabla kazi haijakamilika.
- Usichukue faili zima la redio moja ukaliandika kwenye redio nyingine ya toleo tofauti. Soma kila redio, kisha nakili orodha ya chaneli peke yake.

Mwisho, jaribu kila chaneli kwa redio mbili zilizo mbalimbali.

7. Sheria

Masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kuyatumia bila leseni ni kosa. Andika kwenye redio masafa yaliyotajwa kwenye leseni ya mwenye redio, na si mengine. Mteja akikuomba umwekee masafa ya polisi au ya ndege, mkatalie.

Kila ofisi yenye redio za upepo iwe na kebo moja iliyojaribiwa, nakala za mafaili kwenye flashi mbili, na watu wawili wanaoiweza kazi hii. Anzeni kabla ya masika.