PAKA ANAPOVIMBA USO: TUFANYE NINI NA TUSIFANYE NINI?

Ndugu msomaji, katika ukurasa wetu wa afya na usafi leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni maradhi ya paka wa nyumbani. Kwa wakazi wa Mpanda, Nsimbo, Mpimbwe na Inyonga, ambako nyumba nyingi huhifadhi magunia ya mahindi na mpunga, paka ndiye mlinzi wa chakula dhidi ya panya. Lakini asubuhi moja anaonekana amevimba shavu au uso mzima, hali chakula, na kila mtu nyumbani ana dawa yake ya kupendekeza. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika.

Paka si najisi

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, Abu Qatada (r.a.) alimuinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Pia Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kwa hiyo kumuacha paka mgonjwa afe njaa uvunguni kwa kuwa "ni paka tu" si mwenendo wa Muislamu.

Hata hivyo, tutofautishe. Paka mwenyewe ni twahara, lakini damu na usaha unaotoka katika jipu lake ni najisi. Vikigusa nguo, mkeka au msala, paoshwe kabla ya swala.

Uvimbe unatokana na nini?

Uvimbe wa uso si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na dalili hii ina sababu nyingi:

1. Jipu la kung'atwa. Hii ni sababu ya kawaida sana, hasa kwa madume yanayopigana usiku. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huingiza vijidudu ndani ya nyama, kisha tundu la ngozi hujifunga haraka. Baada ya siku 2 hadi 4 usaha hujaa, uvimbe huwa wa moto, na paka hupata homa.

2. Jino bovu. Mzizi wa jino la juu ukioza, uvimbe hutokea chini ya jicho. Paka hutokwa na mate, mdomo hunuka, na hula kwa upande mmoja.

3. Kuumwa na nyuki, nyigu au nyoka. Katavi ni mkoa wa asali, na mizinga haiko mbali na makazi. Uvimbe wa nyuki huja ghafla, ndani ya dakika au saa chache. Uvimbe wa nyoka nao huja haraka, na paka hulegea.

4. Mwiba wa samaki au kijiti kilichochoma mdomoni.

5. Saratani. Hii hukua taratibu kwa wiki au miezi. Paka weupe hupata saratani ya ngozi puani na masikioni kwa sababu ya jua kali.

6. Sumu ya dawa za binadamu. Hii tuieleze peke yake.

Panadol ni sumu kwa paka

Ndugu msomaji, zingatia sana hapa. Mtu humwonea huruma paka mwenye homa, akasaga kidonge cha Panadol na kumnywesha. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Damu yake hushindwa kubeba hewa safi, fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, na hupumua kwa shida. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Kwa hiyo uvimbe ulioanza kwa jino huongezewa uvimbe wa sumu, na mwenye paka hudhani maradhi yamezidi, akaongeza kidonge kingine!

Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari. Vivyo hivyo kitunguu maji na kitunguu swaumu, ambavyo huharibu damu ya paka. Dawa za kuogeshea ng'ombe, hasa zenye permethrini, asipakwe kabisa.

Wapo pia wanaochoma uvimbe kwa chuma cha moto. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikemea vikali kumpiga mnyama usoni na kumtia alama ya moto usoni. Tuache jambo hilo.

Huduma ya kwanza

Mweke paka chumbani penye utulivu, peke yake, mbali na watoto. Mpe maji safi na supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu. Kama jipu limepasuka lenyewe, safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi. Usiminye wala usitoboe jipu kwa wembe.

Nani wa kumuuliza?

Anza na afisa mifugo wa kata yako, au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Wengi hudhani wataalamu hao ni wa ng'ombe tu, sivyo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa mifugo, na paka ni mnyama wao pia. Tatizo likihitaji vipimo zaidi, wao ndio watakaojua namna ya kupeleka sampuli katika Wakala wa Maabara ya Veterinari, yenye kituo Tabora.

Nenda na majibu ya maswali haya: Uvimbe ulianza lini? Ni upande mmoja au yote miwili? Alipigana? Anakula? Amepewa dawa gani? Usifiche jibu la swali la mwisho hata kama unaona haya, kwani sumu ya Panadol ina matibabu yake iwapo itajulikana mapema.

Dalili zisizongoja kesho ni: kupumua kwa shida, fizi zisizo na rangi ya kawaida, jicho kufunikwa na uvimbe, au kutokula kwa siku 2.

Akikung'ata

Uvimbe wenyewe si dalili ya kawaida ya kichaa cha mbwa. Lakini paka aliyebadilika tabia, anayeshambulia ovyo, anayetokwa mate na kubadilika sauti, ashukiwe, na asishikwe. Yeyote aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo ikiwahi huokoa. Mtoto asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Wazazi, waambieni mapema kuwa hawataadhibiwa kwa kusema.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa hiyo tuitafute kwa wenye ujuzi nayo. Na kabla ya kulala leo, vidonge vyote vya nyumbani viwekwe mahali ambapo mtoto wala mnyama havifikii.

Wabillahi tawfiq.