Mwanga Unaoila Barafu Bila Kuiyeyusha

Barafu ikiwekwa juani huyeyuka. Je, ikiwa mahali jua lisipofika, husalimika?

Karibu na ncha ya kusini ya mwezi kuna shimo kubwa liitwalo Cabeus. Kwa kuwa mhimili wa mwezi umeinama takriban nyuzi 1.5 tu, baadhi ya maeneo ya chini ya shimo hilo hayapati jua kamwe. Baridi yake hupita nyuzi 200 chini ya sifuri. Tarehe 9 Oktoba 2009, Wamarekani waliangusha humo kipande cha roketi katika safari ya LCROSS, na ndani ya vumbi lililoruka yakagunduliwa maji.

Hata hivyo, giza hilo si kamili. Nyota, na gesi ya haidrojeni iliyotapakaa angani, huleta humo mwanga hafifu wa urujuanimno, usioonekana kwa macho. Chembe moja ya mwanga huo yaweza kuivunja molekuli ya maji au kuing'oa na kuirusha. Maabara zimeonesha kuwa hung'oka molekuli chache tu kwa kila chembe 1,000. Ni kidogo, lakini kazi hiyo haisimami, na tabaka jembamba la juu huliwa polepole.

Kinga ya barafu ni udongo. Mwanga huo haupenyi vumbi, hivyo barafu iliyofukiwa hudumu zaidi. Basi wanaotumaini kunywa maji ya mwezini wasihesabu ile inayong'aa juu tu; wajiandae kuchimba.